Bugali wa Siku Nne

Apollinarie alizaliwa mwaka wa uhuru, na alikuwa bado mdogo mama yake alipombeba mgongoni kupanda milima iliyo juu ya Uvira, wakikimbia uasi wa kwanza. Huko walichimba muhogo mchungu katika mashamba yaliyoachwa, wakauloweka kijitoni siku nne ili sumu itoke. Siku hizo za kungoja, mama aliwapikia watoto kwa mdomo. Aliwaeleza namna ya kukaanga sikio la chui angali amelala, na kiasi cha chumvi. Hakutabasamu hata mara moja. Watoto walicheka mpaka wakasahau tumbo.

Ustadi huo Apollinarie aliuingiza kwenye televisheni. Kufikia mwaka 2000, kipindi chake cha mapishi kilikuwa na miaka kumi, kikitoka kila Jumapili alasiri katika kituo kidogo cha mtaa wa Kimanga, Uvira. Nyumba zenye televisheni zilikuwa chache, lakini kila moja ilijaa majirani, na waliokosa nafasi walichungulia dirishani. Alifundisha kuchoma mikeke, samaki wa ziwani, kwenye bomba la moshi la lori linalopanda mlima. Alifundisha chai ya maziwa ya kiboko: "Mkamueni akiwa na hasira, maziwa yanakuwa mazito." Mayai ya mamba alitaka yachukuliwe mwenyewe akiwepo, maana kuchukua cha mtu bila kumuaga ni wizi. Yote hayo kwa uso wa mtu aliyetoka kuzika.

Sasa ulikuwa uasi mwingine. Watu wa bonde la Ruzizi waliingia Kimanga wakikimbia, na walichoweza kubeba. Jumapili moja Apollinarie akafundisha bugali wa haraka: muhogo mchungu unaochimbwa asubuhi na kuliwa saa sita. "Faida yake," alisema, "hamtahangaika na chakula cha jioni." Kimanga nzima ilicheka.

Jumatano alijiwa na Pudentienne, mkulima aliyekimbia kutoka upande wa Sange, kule bondeni. Watoto wake watatu walikuwa wakitapika tangu Jumatatu. Mdogo alisimama akishika kitenge cha mama yake, na miguu yake ilitetemeka.

"Nilijua unatuchekesha, mama," Pudentienne alisema.

"Basi kwa nini ulipika?"

"Walikuwa hawajala siku mbili. Weye unajua muhogo unataka siku nne. Siku ya kwanza nitawapa nini?"

Apollinarie alimpeleka mtoto kwa muuguzi, kisha akaenda kwa Sylvestre, mkuu wa kituo.

"Jumapili nitawaambia ukweli," alisema.

"Kwa uso gani? Huo huo?" Sylvestre alimtazama kwa huruma. "Miaka kumi wanaucheka. Ukilia, watasema leo ameongeza kitunguu."

Alirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Sylvestre alikuwa amesema kweli, na Pudentienne vilevile. Ndipo akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kulisimulia, kwa kuwa halikuwa na cha kuchekesha. Kule mlimani, siku walipofika, mwanamke aliyewatangulia alitoa nusu ya muhogo wake uliokwisha kulowekwa, akachukua ule mbichi wa mama akautia majini mahali pake. Hadithi za mama zilisaidia kungoja. Lakini watoto walikuwa wamekula kwanza.

Alikusanya muhogo uliokuwa tayari umelowekwa nyumbani kwake na kwa wifi yake wa Kalundu, akajaza pipa moja katika uwanja wa kituo. La pili alilijaza maji. Jumapili hakuwasha jiko. Alionyesha mapipa mawili tu na kusema: "Leteni mubichi, uliomenywa. Mutachukua uliolowekwa, kikapu kwa kikapu." Madirishani watu walicheka, wakingoja kichekesho kianze.

Jumatatu hakuja mtu. "Mama, mamba iko ndani ya pipa gani?" wapita njia walimuuliza. Alikaa kwenye kiti chake hadi jioni.

Jumanne alikuja Pudentienne, kikapu kichwani, mtoto mgongoni. Wanawake wawili walimfuata na mabeseni, wakinong'onezana na kucheka. Pudentienne akamimina wake mbichi kwenye pipa la maji, akazamisha mkono katika lile la kwanza. Kila kipande alikibonyeza kwa kidole gumba, akavuta uzi wa katikati, akatia kikapuni. Alipofika cha sita akasita. Akakibonyeza tena.

"Hii bado."

"Imelala siku nne," Apollinarie alisema.

"Hata kama. Miye sitaki."

Wale wawili waliacha kucheka. Mmoja akaweka beseni chini, akasogea kutazama kidole cha Pudentienne kinavyofanya. Apollinarie akakipokea kile kipande, akakibonyeza mwenyewe. Ndani kilikuwa kigumu.

"Unasema kweli," alisema, akakitia katika pipa la maji.