Nyasi Juu ya Bati

Bati la nyumba yangu ni jembamba. Nalisema mwenyewe kabla hujalisema wewe. Fundi aliniambia nichukue geji ishirini na nane, lile nene, mimi nikachukua thelathini na mbili ili niezeke vyumba vitano badala ya vitatu. Nilitaka nyumba ndefu, ionekane kutoka barabarani. Shule niliishia darasa la pili. Nimelima tumbaku upande huu wa Ipole tangu mabega hayajakomaa, na kila tofali la nyumba ile nimelichoma kwa mikono yangu. Mtu wa namna hiyo humwambii habari za geji.

Mama yangu haoni. Macho yaliingia ukungu taratibu, na tulipomfikisha hospitali wakasema tumechelewa. Lakini katika msonge wake wa nyasi, nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku, aliona kwa masikio kuliko mimi kwa macho. Mgeni akikanyaga uwanja, mama anamtaja kabla hajapiga hodi. Kuku akitaga, anajua ni yupi na katagia wapi. Mke wangu akiitua sufuria chini, mama anacheka peke yake: "Leo mmegombana." Babu yake alikuwa mpagazi kwenye ile njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, akawaachia wajukuu neno moja. Mpagazi wa nyuma akiipoteza sauti ya walio mbele, amepotea, hata kama mzigo bado uko kichwani.

Mwezi wa saba niliubomoa ule msonge. Sikumuuliza. Niliona aibu, mwanaume mwenye bati la vyumba vitano, mama yake analala kwenye nyasi kama mlinzi wa shamba. Nikampa chumba cha kwanza, chenye dirisha la kioo ambalo halimsaidii kitu. Kiangazi kilikwenda vizuri. Jua likipanda bati lilikuwa linaalika, ka, ka, akauliza ni nini. Nikamwambia nyumba inajinyoosha. Akakubali.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, mwezi wa kumi na moja, tunakula. Nilifurahi, kwa sababu hakuna tone lililopita. Kisha nikamtazama mama. Mkono wenye tonge umesimama katikati ya sahani na mdomo. Kichwa anakigeuza huku na huku. Midomo inacheza, nami nimekaa naye hatua moja, sisikii anachosema. Nikamshika bega. Akaruka kama aliyekanyaga nyoka, tonge likaenda chini, akaanza kupapasa ukuta. Tulimshikilia mimi na mke wangu mpaka mvua ikakatika, ndipo tukasikia alichokuwa anakisema muda wote.

"Mko wapi? Mmekwenda wapi?"

"Tupo hapa hapa, mama. Hatujaondoka."

"Mmeondoka," akasema. "Mmeniacha ndani ya ngoma."

Wiki ile mvua ilinyesha karibu kila siku. Akiambiwa kuna wingu anaacha kula. Akawa anajikojolea kwa hofu, mwanamke ambaye hata mimi mwanawe sijawahi kumwona hajajitanda. Siku moja akaniita.

"Baba, nijengee kibanda changu. Nyasi tu."

"Watu watasema nimekufukuza kwenye nyumba."

"Hao watu hawalali humu."

"Mama, nimekutoa kwenye nyasi. Sikurudishi."

 Alimwomba mke wangu pamba, akaziba masikio yote mawili na kujifunga kitenge kichwani juu yake. Hakuitoa tena, mvua iwepo isiwepo, maana hakujua itaanza saa ngapi. Ukitaka kumwambia kitu unamgusa, naye anashtuka. Kuku wakataga na hakuna aliyetuambia wapi. Nilikuwa na mama ndani ya nyumba na sikuwa na mama.

Nikaanza kuhangaika. Nilitundika majafafa, yale magunia ya kufungia tumbaku, tabaka mbili chini ya bati. Kelele ikapungua ukubwa, lakini ilibaki kelele. Nikapanga fito juu ya chumba chake, nikapandisha magunia ya pumba za mpunga niyalaze juu ya fito hizo. Gunia la mwisho liliniangusha kutoka kwenye ngazi, nikaangukia nyonga ya kushoto. Hakuna aliyeniona, nami sikumwambia mtu. Pumba zikaleta panya. Wakawa wanakimbia juu ya kichwa chake mpaka tetemeko likamfikia kitandani, akauliza ni watu gani wanaishi juu. Nikazishusha. Nikamleta fundi wa dari kutoka Tabora mjini. Akaligonga bati kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Mzee, hili ni debe. Dari litapunguza, halitanyamazisha."

Kijana wa juzi ananiambia nyumba yangu ni debe. Nilimfukuza. Na alikuwa anasema kweli.

Mwezi wa pili tukawa tunakausha tumbaku. Mchana mmoja mvua ilishuka ghafla nikiwa shambani. Narudi, mke wangu yuko mlangoni, kalowa chapa.

"Baba watoto, mama hayupo chumbani."

Tulimtafuta kisimani. Tulimtafuta barabarani. Mimi nilikwenda mpaka kwenye shimo la kuchimbia udongo wa matofali, limejaa maji, nikaingiza mti kupapasa chini. Sitaki kueleza nilichokuwa nakifikiri wakati ule mti ulipogusa kitu laini. Lilikuwa tope.

Alikuwa kwenye bani la pili. Mabani yangu yameezekwa kwa nyasi, na pale kwenye mdomo wa tanuru pana kibaraza cha nyasi cha kuukinga moto na mvua. Alikuwa amekaa hapo chini, moshi wote unampiga usoni, anakohoa, pamba kaitoa na kuishika mkononi. Pindo la kitenge chake lilikuwa linaungua taratibu, bila ndimi, limeshafika karibu na goti. Nikaliminya kwa viganja.

"Mama, unaungua."

"Nilisikia harufu, nikadhani ni kuni," akasema. Kisha akasema, "Hapa nasikia."

Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Alikuwa mwepesi kama mzinga usio na nyuki. Tulipoingia tu chini ya bati, akazirudisha pamba zake masikioni.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mtani wangu. Ni mzee rika langu, mfuga nyuki, na kwa kuezeka nyasi hana mpinzani huku kwetu. Nilipopata bati nilimwambia mbele za watu kwamba kazi yake imekufa, akatafute nyingine. Nikamkuta anakunja gome la mzinga.

"Karibu, bwana bati. Leo kwa miguu? Bati limekukimbia?"

"Nataka uniezekee nyasi."

"Wapi? Chooni?"

"Juu ya bati."

Akaliweka gome chini. "Mtani, umeamkia pombe?"

"Mama haishi," nikasema. "Kelele inamuua."

Aliacha kucheka. "Nyasi za mwezi wa pili utazitoa wapi? Zilizosimama porini ni mbichi, zitaoza kabla sijashuka ngazi."

"Nitavua bani."

"Lina tumbaku ndani?"

"Limejaa."

"Na hiyo tumbaku?"

"Nimekuambia mama haishi."

Akanyanyuka, akachukua panga na mzigo wa kamba za magome ya miyombo.

Nilizima moto na kulivua bani langu mwenyewe. Majani yalibaki yananing'inia wazi, nusu manjano nusu kijani, na siku ya pili yalishaanza madoa meusi. Jasho la msimu mzima. Sikugeuka kuyatazama. Mtani alitandaza fito juu ya bati bila kupiga msumari hata mmoja, akazifunga kwa kamba zikapita mgongoni mwa paa, kama mtu anayemfunga punda matandiko, kisha akaanza kupanga nyasi, fungu juu ya fungu. Waliopita barabarani walisimama.

"Mzee, nani anavaa koti juu ya mwavuli?"

"Anayesikia baridi," mtani akajibu kutoka juu. "Wewe pita, mke wako anakutafuta." Nao wakapita. Lakini wengine walirudi na wenzao kutazama.

Jioni ya siku ya pili aliniambia kwa sauti ndogo, "Unajua nyasi zenye maji zikililalia bati, ni kutu. Miaka mitatu, minne, chumba hiki kitakuwa chujio."

"Najua."

"Na kukivua tena ni aibu mara mbili."

"Lete fungu jingine," nikasema.

Siku ya tatu mchana, chumba cha mama kimeshafunikwa, mafungu kama matano tu yamebaki chini, mvua ikaja. Mtani akashuka mbio na kuingia jikoni kwa mke wangu. Mimi nikaenda kwa mama. Bati la vyumba vile vinne lilianza kunguruma, nikaona amekunja miguu kitandani na kushika kichwa kwa mikono miwili, kama kawaida yake. Nikasimama mlangoni. Nilikuwa sina kingine. Kama hii isingefaa, nilikuwa nimemaliza, sina cha kuvua tena.

Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha pua ikaanza kunusa. Nyasi zile zilikaa juu ya moshi wa tumbaku miaka minane, na unyevu ulikuwa unazitoa harufu. Akafungua kitenge kichwani. Akatoa pamba ya sikio la kulia, akangoja. Akatoa ya kushoto.

Vyumba vingine vilikuwa vinapiga kelele, lakini kwa mbali, kama mvua inayonyesha kwa jirani. Juu yetu ilikuwa inaanguka na kunywewa. Nikatembea hatua tatu kwenda kitandani.

"Ni wewe, baba," akasema.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akainamisha kichwa, akaielekezea sikio miguu yangu. "Mguu wako wa kushoto unauburuta. Tangu lini?"

Nikakaa kitandani pembeni yake, nikamwambia.