Vidole vya Wilkister

Miaka ishirini na mbili Wilkister amechambua kahawa katika kiwanda kimoja cha Thika. Punje mbovu inayodanganya macho, vidole vyake huikamata.

Shemeji yake Barasa alimfuata hadi mezani pa kazi. "Saratani ya titi haina dawa, shemeji. Rudi Bungoma upumzike. Tumeshakutengea mahali kando ya kaburi la kaka yangu, mumeo."

Wilkister aliendelea kuchambua.

"Daktari amenieleza. Seli nyeupe za damu hupapasa seli nyingine moja moja. Zikigusa ya saratani, zinaitoboa ife. Ikijifanya nzima, sindano ninazodungwa zinaibandika alama ili seli nyeupe ziitambue."

"Na zikishindwa?"

Wilkister akaokota punje iliyong'aa vizuri, akaipasua kwa ukucha. Ndani ilikuwa nyeusi.

"Pale mliponitengea pandeni mahindi."