Mguu wa Ndolo na Maji ya Mtaro wa Tulia

Kwa miaka kumi na tisa Ndinda, mama yake Mbithi, ameosha sakafu ya kichinjio cha Tulia. Anajua mtaro wa damu na mavi unazibia wapi, na ndiye aliyemwonyesha Daktari Kahiga, mtafiti wa maabara moja ya Nairobi, mahali pa kuchota maji ya kupima. Kahiga aliogopa kuteleza. Ndinda akaifunga chupa kwa kamba ya ng'ombe, akaishusha mwenyewe.

"Daktari, maji haya hata nzi wanayaogopa. Unayapeleka wapi?"

"Mama Mbithi, humo ndani mna virusi vidogo vinavyokula bakteria. Mtu havimdhuru. Dawa zetu zinaishiwa nguvu, na hivi huenda vikatuponya."

Ndinda alicheka, lakini kila mwezi akawa anamshushia chupa.

Kisha mumewe, Ndolo, akajikata mguu kwa jembe akichimba matuta shambani kwao Kanyangi. Akafanya wanavyofanya majirani wote: akanyunyizia kidonda dawa ya kuku, ule unga wa manjano unaotiwa kwenye maji ya vifaranga.

"Kama inaponya vifaranga mia," alisema, "itashindwa na mguu mmoja?"

Kidonda kilikauka, kikafunguka. Akanyunyiza tena. Miezi minne ikapita hivyo, na kila mara bakteria waliosalia walikuwa wale walioishinda dawa.

Hospitalini alipewa karatasi yenye majina ya dawa kumi na moja, na mbele ya kila jina neno lile lile: sugu. Daktari wa wodi akamgombeza kwa ajili ya ule unga. Ndinda alimsikiliza hadi mwisho.

"Zahanati yetu haikuwa na hata pamba miezi hiyo yote," alisema. "Duka la dawa za mifugo hufunguliwa kila siku. Wewe ungeenda wapi?"

Ndinda akampigia Kahiga simu, naye akaja kuchukua usaha wa kidonda. Siku ya nne Kahiga alipiga simu, sauti imechangamka. Katika kisahani cha maabara, virusi vya mtaro wa Tulia vilikuwa vimewala bakteria wa Ndolo. Ni vile vya chupa aliyoishusha Ndinda mwenyewe.

"Basi vilete."

"Siwezi, mama. Mpaka kamati ya tiba za majaribio ikubali, nayo haijapata nafasi ya kukutana. Kanuni inasema njia nyingine zote ziwe zimeisha, na maisha ya mgonjwa yawe hatarini."

"Dawa kumi na moja zimekataa."

"Bado iko njia moja: kukata mguu."

Kwa hiyo kukata ni njia. Ndivyo walivyoandika watu wasiochimba matuta, katika chumba kisicho na vumbi. Mguu wa mkulima ukahesabiwa miongoni mwa matibabu ambayo bado hayajajaribiwa, na dawa yake ikakaa kwenye friji, imeandikwa jina la Tulia.

Walimkata chini ya goti. Baada ya wiki tatu kigutu kikatoa usaha, bakteria wale wale, na homa ikapanda hadi Ndolo akaacha kumtambua mkewe. Sasa maisha yalikuwa hatarini. Kamati iliyokuwa haipati nafasi ikakutana siku hiyo hiyo.

Kikaletwa kichupa cha maji maangavu yenye vile virusi, yaliyosafishwa mpaka hayana harufu. Kidonda kikadondoshewa matone yake kila asubuhi. Siku ya tano homa ikashuka. Baada ya mwezi kigutu kikafunga.

Kahiga alirudi Tulia na chupa tupu.

"Imefanya kazi, Mama Mbithi."

"Najua. Hilo ndilo linaloniuma. Ingekataa, ningelala nikijua mguu ungekatwa tu."

Ndinda aliifunga chupa kwa kamba, akasimama ukingoni mwa mtaro bila kuishusha.

"Toa kalamu. Kabla hujaandika jina la Tulia kwenye chupa hii, iandikie kamati yako kwamba dawa ya Ndolo ilikuwa tayari kabla ya msumeno. Andika na tarehe. Mimi nitashika kamba."

Kahiga akachuchumaa, karatasi juu ya goti, akaanza kuandika. Ndinda alimngoja amalize, akamwambia asome kwa sauti, mara mbili. Ndipo akaiachia kamba polepole.