Usingizi wa Kuku

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipomcheka mama mkwe wangu kwa ajili ya usingizi wa kuku. Nilikuwa nimeolewa hapa Kampemba mwaka uleule, na Odile, dada mdogo wa mume wangu, alikuwa anakaribia kufunga ndoa kanisani. Familia ikanipa kazi: nifuge kuku sitini wa nyama, ndio chakula cha arusi. Nilikuwa mgeni kwao, na nilitaka sana waseme wamepata mke kweli.

Siku za mwanzo taa iliwaka mchana na usiku, na hapo sikukosea. Kifaranga lazima aone chakula na maji. Lakini wiki ya kwanza ilipopita, sikuizima. Niliwaza: kuku anayeona atakula, na anayekula atanenepa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, ila mithali hiyo nilidhani ni ya watu wengine.

Mama mkwe alikuwa amefuga kuku miaka mingi katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Alikuja, akaitazama ampuli, ile balbu ya umeme juu ya kuku.

"Mutoto, hii taa inazimikaka saa ngapi?"

"Haizimike, Mama. Bakule tu."

"Hata treni inapumzikaka ku gare, na ile iko chuma! Fundisha kuku giza, kidogo kidogo. Umeme ya hapa unaijua."

Nilicheka, nikamwambia kuku hawana kazi ya kesho.

Jumamosi moja, zikiwa zimebaki wiki mbili kufika arusi, jua lilikuwa limezama tu, umeme ukakatika. Mwanangu, kelele ile! Kuku ambao hawajawahi kuona giza walidhani dunia imekwisha. Walikimbilia pembe moja, wakapandana, wa juu wakiwakandamiza wa chini. Mama mkwe akaja mbio na taa ya mafuta, akaingia na kitenge chake cha kanisani, tukawatenganisha kwa mikono. Kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kukosa pumzi.

Nitakuambia na hili, ingawa linanitia haya: nilimwomba tuwasafishe upesi, tuwapikie wageni, mtu asijue. Hakunigombeza. Alikaa juu ya ndoo, manyoya kichwani, akasema, "Kuku ya kujifia hatupatie bantu. Kesho utasema kweli mbele ya bote. Mi nitakaa pembeni yako."

Nikasema. Nilidhani nitarudishwa kwetu. Odile akauliza, "Wifi, balikufa juu ya giza? Sasa mi nitafanya je? Bwana yangu ni wa Mitwaba, kule giza iko mingi!"

Walicheka mpaka baba mkwe akamwaga chai yake.

Tangu siku ile, kila jioni tulizima ampuli, tukawasha taa ya mafuta, tukapunguza utambi wake, tukaizima nusu saa, halafu saa nzima, mpaka kuku wakajua kuketi na kulala. Umeme ulipokatika tena, walinung'unika kidogo kama wazee misani, wakatulia. Siku ya arusi, mjomba wa mume wangu alileta samaki kutoka Kasenga wa kujaza pengo, na sahani zikatosha. Odile aliwaambia wapiga muziki wapunguze sauti, eti kuku wa wifi wamelala.

Mume wangu ametutoka mvua hizi zilizopita. Watoto wakataka taa ya chumba changu iwake usiku kucha. Siku za kwanza niliiacha iwake, sitadanganya. Hata kifaranga hupewa siku zake. Sasa naizima mwenyewe.

Basi, mwanangu, ukifuga kuku wa nyama, wape mwanga wa kutosha wakiwa wadogo, kisha uwape saa zao za giza, polepole, kabla umeme haujawafundisha kwa ukali. Ukikosea, sema ungali na manyoya mikononi; mficha uchi hazai. Na aliyekuonya ukamcheka, mrudie, hata kama ni jioni ileile.

Mungu akupe kuku wazito na meza yenye kelele za watu. Siku ya kusema kweli, akupe mtu wa kukaa pembeni yako. Na taa ikizimwa, ulale.