Kamera Isiyolia

Mjaka ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, na kovu lile alilipata kwa kamera yake mwenyewe. Mwaka mmoja fahali wa Kiuyu alikata kamba, akamjia pale alipochutama, akamkumba, na ile DSLR nzito aliyokuwa ameibana jichoni ikamchana hadi mfupani. Alishonwa nyuzi sita. Ganzi haijamtoka, tayari alikuwa anaipekua kamera kutazama kama picha ya mwisho imetoka. Ilitoka. Inaning'inia mpaka leo kwenye studio yake ya Wete, juu ya kiti wanapokaa watu kupigwa picha za pasi: pua ya fahali, pembe moja na vumbi. Mtu ndivyo alivyoumbwa, utamfanyaje.

Kwa riziki alipiga picha za harusi, pasi na watoto wa madrasa. Kwa mapenzi alipiga mchezo wa ng'ombe. Asiyeujua asidhani ni kuchinja, maana hapa Pemba ng'ombe hauawi mchezoni. Hufungwa kamba ndefu ya usumba wa nazi, zumari ikalia, ngoma zikapigwa, wanawake wakamwimbia kwa matusi mpaka akapandwa na ghadhabu, kisha mwanamume akaingia na kitambaa mkononi kumchokoza. Wa kufa, kama yupo wa kufa, ni mtu.

Roho ya mchezaji inakaa kwenye ile kamba. Inazungushwa kwenye nguzo iliyochimbiwa chini, na mkia wake unashikwa na mtu mmoja mwenye amri. Ng'ombe akitoka mbio, mwenye kamba huita "Vuta!", yeye na vijana wawili nyuma yake wakavuta kwa nguvu zao zote, na ng'ombe akakatishwa hatua moja kabla ya kumfikia mtu. Ukivuta mapema mchezo hauna ladha na watu wanakuzomea. Ukichelewa, watu wanazika.

Mwenye kamba alikuwa Mbarouk wa Ole, na kila mtu alimwita Ami Mbarouk hata wasio na udugu naye. Miaka ishirini na tano ameishika kamba ile na hajazikisha mtu. Mjaka alichutama kuliani kwake siku zote, karibu hata viwiko vyao viligusana, kwa sababu ndipo mahali pekee uwanjani ambapo mtu anayetazama kwa jicho moja anaweza kurudi nyumbani mzima. Na Mjaka alikuwa na kipaji chake. Ng'ombe kabla hajatoka hulaza masikio, na msuli wa bega humcheza mara moja. Wengine waliona pembe. Mjaka aliona ule msuli, na kidole chake kilikuwa kimeshashuka: kacha-kacha-kacha-kacha. Papo hapo Ami Mbarouk angeita, "Vuta!" Watu walisema wale wawili wana roho moja. Mjaka alicheka tu, akaona ni maneno ya uwanjani.

Mchezaji aliyekuwa anapendwa miaka hii ni Suhail, mdogo wake Mjaka, baba mmoja mama mmoja. Kijana mrefu, mwepesi, mwenye maringo ya kumgeuzia ng'ombe mgongo. Mama yao, Bi Saada, hakuwahi kukanyaga uwanjani. Alikuwa na neno lake moja, na alilisema kila walipokuwa wanavaa viatu kutoka.

"Mie siendi kutazama mwanangu akitoboliwa. Lakini weye Mjaka upo. Jicho lako lisimwache nduguyo."

"Halimwachi, mama."

Na ilikuwa kweli. Jicho la Mjaka halikumwacha.

Sasa tuje kwenye kamera. Ile DSLR ilikuwa imezeeka. Ndani yake mna kioo kidogo, na kila picha inapopigwa kioo kinaruka juu na kurudi chini, ndiyo ile sauti yake. Cha Mjaka kilikuwa kimelegea, kinagonga kama mfuniko wa sufuria ulioanguka sakafuni. Siku moja msikitini, katikati ya hutuba ya ndoa, shehe alinyamaza akamtazama.

"Kijana, tuachie kwanza tuozeshe, ndipo uendelee kugonga mabati yako."

Msikiti mzima ulicheka, bwana harusi naye akacheka. Mjaka alitoka pale masikio yanamuwaka. Wiki haikupita akaagiza Dar es Salaam hizi za kisasa zisizo na kioo ndani, vijana wanaziita mirolesi, na ile kuukuu akamuuzia mpiga picha mmoja wa Kiuyu.

Alipoipata alikuwa kama mtoto wa sikukuu. Nyepesi! Unachokiona jichoni si kitu chenyewe bali sinema ndogo ya kitu chenyewe, ya rangi, inang'aa. Na raha kubwa kuliko zote, ina mahali pa kuzima sauti, ikapiga picha ishirini kwa sekunde moja na nzi asisikie. Ijumaa alipiga ndoa Ole kutoka mwanzo wa hutuba hadi dua, shehe yule yule hakugeuza hata shingo. Mjaka akarudi nyumbani kifua mbele.

Jumapili ilikuwa siku ya ng'ombe. Hakusahau kuirudisha sauti. Hili lazima lisemwe, kwa sababu baadaye wapo waliotaka kumtafutia udhuru kwa kusema alisahau. Aliiacha imezimwa kwa kuwa alipenda.

Fahali wa siku ile aliitwa Pasua, mweusi, mwenye pembe zilizotazama mbele. Kabla hata mchezaji hajaingia alishavunja ubao wa uzio na kumkanyaga mbwa aliyejipenyeza uwanjani. Mbwa yule alilia mara moja tu. Wanawake wakazidisha nyimbo, zumari ikazidisha kelele, na vijana wakambeba mbwa kwa miguu wakamtupa nje.

Suhail akaingia. Alitikisa kitambaa, akapiga goti, akainuka, akamtemea Pasua mate. Jichoni mwa Mjaka masikio yalilala, msuli ukacheza, kidole kikashuka. Kimya. Pasua alitoka kama gari lililokatika breki, na kamba ilipokuja kukaza pembe ilishapita kwenye fulana ya Suhail na kuichana kutoka kwapani hadi kiunoni. Damu ilichirizika mstari mwembamba. Uwanja ulilipuka kwa furaha, maana kwa watu wa uwanjani hiyo ndiyo ladha yenyewe.

Ami Mbarouk aligeuza uso upande wa Mjaka.

"Mjaka, upo?"

"Nipo, ami."

"Mbona kimya hivyo?"

"Nimo kazini," Mjaka akajibu, anacheka, jicho halijatoka kwenye kamera.

Yule mtu mzima aliinamisha kichwa upande wa kamera. Akasogea karibu zaidi hadi bega lake likagusa bega la Mjaka, akaishika kamba upya.

Suhail, fulana imening'inia, akafanya ule ujinga wake. Akamgeuzia Pasua mgongo, akawapungia watu mikono. Masikio yalilala. Msuli ukacheza. Mjaka akabonyeza na hakuachia.

Pembe iliingia chini ya mbavu. Pasua alimwinua juu, akamtikisa mara mbili kama anayetaka kumvua, akamtupa, na kabla hajatulia chini akarudi akamkandamiza kifuani kwa magoti. Mifupa ilisikika. Zumari ilikatika katikati ya sauti. Mtu mmoja nyuma alipiga ukelele, "Vuta! Vuta weye!" na hapo ndipo Ami Mbarouk alipovuta, vijana nyuma yake wakavuta, usumba ukawachuna viganja, na Pasua akaburutwa nyuma huku pembe moja nyekundu hadi shinani.

Mjaka alikuwa bado anapiga. Kwenye ile sinema ndogo mambo yalikuwa mazuri mno, mekundu na meusi, na hakuna sauti ya kumwambia kwamba muda unakwenda. Alishusha kamera pale tu iliposita kwa kulemewa na picha. Kisha akakimbia.

Alimpakata nduguye kwenye vumbi na kuizuia damu kwa kiganja, kisha kwa kanzu, kisha kwa kanzu za wengine. Haikuzuilika. Suhail alikuwa na fahamu zake.

"Umeipata, kaka?"

"Nimeipata."

"Nzuri?"

"Nzuri, ndugu yangu. Shahadia, Suhail. Tamka shahada."

Midomo ilitikisika kidogo. Gari la kumpeleka hospitali liliingizwa uwanjani, watu wakafungua mlango wa nyuma, lakini halikuwa tena na mtu wa kumwahisha.

Wakati huo kule kwenye nguzo watu walishapata mwenye kosa. Kificho, mchezaji mwenziwe Suhail, alikuwa wa kwanza. Aliokota kipande cha ule ubao wa uzio, akamtandika Ami Mbarouk cha mikono, hapo hapo kwenye vidole vilivyoshika kamba. Vidole vikavunjika. "Kaiachia! Kaiachia makusudi!" Wengine wakafuata kwa mateke, kwa ngumi, mmoja kwa jiwe. Mtu wa miaka sitini na mitatu, aliyewavutia baba zao kamba ile, aligaragazwa mpaka meno mawili yakamtoka. Hakujitetea. Alikuwa anatambaa, anapapasa ardhi mbele yake kwa viganja, na Mjaka akamwona anavyopapasa.

Alimlaza Suhail, akamfunika kwa kitambaa chake mwenyewe cha kuchezea, akaenda. Alisukuma watu akamwinamia.

"Ami. Ni mie Mjaka."

Ami Mbarouk alikamata kifundo cha mkono wake kwa vidole vilivyovunjika. Macho yake, Mjaka ndiyo kwanza akayatazama vizuri baada ya miaka yote ile, yalikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda.

"Mjaka mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, damu inamtoka mdomoni. "Kamera yako leo mbona haikulia?"

Mjaka aliitazama kamera iliyoning'inia shingoni mwake.

"Mwaka wa nne huu simwoni ng'ombe. Namwona kama moshi. Nikiskia kamera yako n'navuta. Sikutaka kumwambia ntu. Nilijua weye upo." Akameza damu. "Leo mara ya kwanza n'livuta kwa ukelele wa watu. Ya pili nimengoja. Nilijua ng'ombe hajamtokea kijana maana hukulia. Nimengoja uliye."

"Anasema nini huyo muuaji?" Kificho akapaza sauti, ubao ameuinua tena.

Hapo Mjaka alifanya jambo ambalo waliokuwepo hawapendi kulisimulia. Alifuta kioo cha kamera kwenye paja, akabonyeza mara tatu, akairudisha sauti. Akaisogeza sikioni kwa Ami Mbarouk. Akawaambia watu, "Tazameni," kisha akabonyeza. Ilikuwa sauti ndogo kuliko ya ile kuukuu, lakini ilikuwa sauti. Kacha-kacha-kacha.

Mikono ya Ami Mbarouk iliruka. Ile mikono iliyovunjika ilikamata hewa, ikafumba, ikavuta, mwili mzima ukaenda nyuma hadi akaanguka chali. "Vuta!" alipiga kelele. "Vuta!" Aliendelea kuvuta palipokuwa hapana kamba, analia kwa maumivu ya vidole na asivifumbue.

Hakuna aliyenyanyua mguu. Wanawake wale waliokuwa wakiimba matusi walijifunika nyuso kwa kanga.

"Alikuwa anavuta kwa kamera yangu," Mjaka akasema. "Na mie nimeizima. Sio yeye. Ni mie."

Kificho alimtazama, akamtazama Ami Mbarouk, akamtazama Suhail kule alipofunikwa. Ubao ulikuwa bado mkononi. Mjaka aliisukuma kamera mgongoni, akasimama wima akamngojea. Pigo la kwanza lilimpata shavuni, la pili kwenye lile kovu la zamani likalipasua upya. Alipigwa sana, na waliompiga walikuwa wanalia. Hakukimbia na hakuinua mkono, na mwisho ni Kificho mwenyewe aliyeuachia ubao akakaa chini kwenye vumbi.

Kabla ya magharibi maiti ilifikishwa nyumbani. Habari ilikuwa imeshatangulia, na ua umejaa watu. Bi Saada alimfunua mwanawe, akamtazama jeraha bila kugeuza uso, akamfunika. Hakupiga ukelele. Alinyanyuka akamwendea Mjaka aliyesimama mlangoni, uso umevimba, kamera bado shingoni kwa sababu hakuna aliyekuwa na akili ya kumvua.

"N'likwambia nini, Mjaka?"

"Uliniambia jicho langu lisimwache."

"Lilikuwa wapi?"

Majirani wote wakishuhudia, Mjaka akasema:

"Lilikuwa juu yake, mama. Toka mwanzo mpaka mwisho. Halikumwacha."

Bi Saada akauvua mkanda wa kamera shingoni mwa Mjaka, akaishika kamera kwa mikono miwili. Watu walidhani ataipiga chini. Hakuipiga. Aliisogeza usoni kwake, akakaa sakafuni kando ya maiti.

"Basi nionyeshe," akasema. "Nami nimtazame."

Mjaka akakaa ubavuni kwa mama yake, akaiwasha. Za mara ile ambayo hakuachia kidole zilikuwa mia nne na kumi na saba. Ya kwanza Suhail amewageuzia watu uso, mikono juu, anacheka, na nyuma yake masikio ya Pasua yameshalala.