Barua Yangu Ndani ya Riwaya Nyekundu

Nitasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa kijijini kwetu Mbuba: kwa miaka sita niliamini kwamba barua za mapenzi zinazopotea kwenye mabasi huuzwa kwa kilo, huko Dar es Salaam, kwa watunzi wa riwaya, nao hubadilisha majina tu na kuzipiga chapa. Aliyeniambia alikuwa fundi baiskeli, akaapa kwa mama yake, nami nikameza nzimanzima (na msinicheke, nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, chini ya taa ya sola iliyozimika kila hesabu zilipokuwa ngumu, na nilijiona nina akili kuliko wilaya nzima ya Ngara).

Niliamini kwa sababu uongo ule uliniponya. Nilikuwa nimemwandikia Kabula, binti wa Kisukuma wa Nyakahura aliyekuwa akiuza mchele kwenye soko la Benaco, barua ya kurasa saba, nikampa kondakta aifikishe, nikasubiri jibu mpaka kahawa ikachanua mara mbili, kimya, na Kabula mwenyewe akaacha kuja sokoni (baba yake alikuwa amehamisha ng'ombe, hilo nilikuja kulijua baadaye sana). Kwenda kwao kuuliza, niliona aibu. Basi fundi aliposema vile nikapumua: kumbe hajanikataa, barua haikufika, imo ndani ya kitabu fulani! Nikaanza kuitafuta.

Nilisoma, ndugu zangu. Nilisoma riwaya za mapenzi nikichunga, nikimenya ndizi, nikiwa nimekalia gunia la maharage, nadhani nilisoma elfu nne (dada yangu anasema arobaini, lakini yeye ana wivu). Barua sikuiona, ila nikawa mshauri, watu wakinijia kama wanavyokwenda duka la dawa. "Evarist, mume wangu yuko machimboni, nisome nini?" Soma hii, mama, mwanamume anarudi ukurasa wa mia moja na kumi; ile ya jalada la bluu iache kabisa, harudi. Aliyeachwa juzi simpi riwaya yenye harusi, nampa ile ya wazee wawili wanaogombania kivuli cha mgomba hadi wanapendana, analala vizuri.

Ndiyo maana Mwalimu Imelda, anayefundisha kisomo cha watu wazima, akaniita kwenye mahafali pale Kanazi niwatajie wahitimu riwaya nzuri za mapenzi, ili kusoma kusiwatoke.

"Tatu tu, Evarist. Dakika tano, ukae."

Ningetaja tatu nikakaa, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini wiki ileile nilikuwa nimeipata! Riwaya nyekundu, ukurasa wa themanini na tisa, kijana anamwandikia msichana: ukicheka, nasahau nilichotumwa. Maneno yangu yaleyale. Nikaona hapana, hii nitawasomea.

Nikashika kipaza sauti, nikawatangazia wahitimu na wazazi na mgeni rasmi kwamba barua hii nimeiandika mimi, kila neno, kwa Kabula wa Nyakahura, mtunzi kageuza baiskeli yangu kuwa gari na Kabula kuwa Jackline. Kina mama wakapiga vigelegele. Vigelegele vinalevya kuliko pombe ya ndizi, nikafunua ukurasa uliofuata, ambao nilikuwa sijausoma, nikaendelea kwa sauti ya mahubiri: "Nitakutorosha, mpenzi, maana baba yako ni mchoyo kuliko kupe, na miguu yake inanuka..."

Ulimi hauna breki. Safu ya mbele, mzee mwenye kofia na fimbo ya kuchungia akasimama taratibu.

"Kijana, mimi ndiye baba yake Kabula."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hilo la miguu nalo ni lako?"

"Hapana, baba. Hilo ni la mtunzi."

"Umesema kila neno."

"Nilisema, baba."

"Na la kupe?"

"La kupe la nani, Evarist?" akadakia mama mmoja nyuma. "Tuambie tufunge kesi!"

Watu wakacheka hadi nguzo za turubai zikatikisika, halafu vichwa vyote vikageukia safu ya wahitimu, na pale, katikati ya vitenge vya sare, mmoja alikuwa amejifunika uso kwa cheti chake kipya. Kabula. Sikujua kama darasa la kwao limeunganishwa na la Kanazi. Siku yake moja ya kupigiwa makofi, mbele ya baba yake, nimeifanya kichekesho.

Nikakimbilia nyuma, kwenye masufuria ya pilau, nikajifanya napuliza moto, na moshi ukiniliza nikaapa: nikiombwa riwaya nitataja kitabu na kufunga mdomo, na jina la binti wa watu halitapita tena kwenye kipaza sauti changu, hata nikipewa ubunge.

Akaja, cheti mkononi.

"Umeniaibisha, Evarist."

"Nisamehe, Kabula. Nilijua barua iliuzwa. Nilijua haikufika."

"Nani anunue barua, wewe?" Akacheka kidogo, nikasahau hata moto niliokuwa nikipuliza. Kisha akatazama chini. "Ilifika siku ileile. Ninayo. Nilikuwa sijui kusoma, na sikutaka mtu mwingine anisomee."