Yunia na Mchuuzi wa Samaki wa Kahendero

Yunia alizaliwa Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, akakulia katikati ya Kiswahili cha wachuuzi wa Butembo, upande wa Kongo. Sasa ana miaka thelathini na minne, na kwa miaka saba amekuwa mhudumu wa gari la wagonjwa mjini Kasese.

Mwaka jana, kule Maliba, alimkuta mzee Erifazi ameanguka kwenye shamba lake la kahawa, moyo umesimama. Alimkandamiza kifua mara thelathini, akampulizia pumzi mbili, akaanza tena, hata mikono ikafa ganzi. Mzee hakurudi. Wanawe walimshukuru Yunia, na shukrani ile ndiyo iliyomuuma zaidi.

Basi Jumanne moja asubuhi simu ikapigwa kutoka Kahendero, kwenye mwalo wa Ziwa George: mchuuzi wa samaki ameanguka, moyo umesimama. Benon, dereva, aliendesha kwa kasi.

Mchuuzi huyo, Kakule, alikuwa amelazwa chali juu ya magunia, midomo imekuwa rangi ya majivu. Mtu mmoja alikuwa akimnywesha maziwa.

"Acha! Yataingia kwenye mapafu!" Yunia alipaza sauti.

Aligusa shingo. Moyo ulikuwa unapiga. Kilichokuwa kinakwisha ni pumzi: alivuta moja, kisha kimya kirefu. Yunia akafunua kope. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano: dalili ya dawa kali, si ya moyo. Haraka alimwinua kidevu, akamfunika pua na mdomo kwa barakoa ya hewa, Benon akaanza kuminya kifuko cha hewa.

"Amemeza nini?" Yunia aliuliza.

"Hapana kitu, dada," alijibu Blandine, mke wa Kakule. "Iko na maladi, ni ugonjwa ya moyo tu."

Yunia akaona hofu usoni mwake, akageukia Kiswahili cha Butembo alichokulia nacho. "Mama, mi siko polisi. Hakuna mutu atakufunga. Lakini nisipojua, bwana yako atatufia mu mikono."

Blandine alifungua fundo la kitenge, akatoa karatasi tupu za tramado, vidonge vikali vya maumivu. "Ni ya mugongo. Anabeba mizigo kila siku. Mbili haikumutosha tena. Leo alikunywa kumi."

Yunia alikuwa na chupa moja tu ya dawa ya kupinga sumu hiyo. Akamdunga. Baada ya dakika chache Kakule alikohoa, akafumbua macho kwa hasira.

"Samaki yangu iko wapi?"

Watu walicheka. Blandine alilia.

Kakule alitaka kubaki na samaki wake. "Sindano yangu itaisha nguvu kabla ya vidonge vyako," Yunia alimwambia. "Utalala tena."

Kakule akapanda gari akinung'unika, na kabla hawajafika Kasese usingizi ukamchukua, pumzi zikaanza kupotea. Dawa nyingine haikuwapo. Yunia aliminya kifuko, akahesabu hadi tano, akaminya tena, huku Blandine akimwita mumewe kwa jina, mpaka mlango wa hospitali.

Kakule alipona. "Sikutaka kufa," alimwambia Yunia siku ya tatu. "Nilitaka tu kubeba." Yunia hakumkaripia, alimwomba daktari amwangalie mgongo.

Kama ameviacha vidonge, Yunia hajui. Ila siku yake ya mapumziko alirudi Kahendero kuwaonyesha wanawake wa mwaloni namna ya kumlaza ubavu mtu aliyezimia na kumpa pumzi. Wa kwanza kupiga magoti na kujaribu alikuwa Blandine.